Tanzanaiti au tsavoraiti: bluu na kijani cha Mererani, uchukue lipi?

Pete ya kuvaliwa kila siku, chukua tsavoraiti. Hereni, kidani, au pete ya kutokea siku za sherehe, chukua tanzanaiti. Mwenye haraka anaweza kuishia hapo akaenda kwa sonara. Anayekaribia kutoa fedha nyingi asome hadi mwisho, maana jibu hilo lina masharti yake, na yapo mazingira ambayo mimi mwenyewe ningeligeuza.

Wanaouliza zaidi ni wachumba wanaotafuta pete, na ndugu zetu waliokuja likizo kutoka ughaibuni wanaotaka kuondoka na kitu cha nyumbani. Karibu wote hufika na jina moja mdomoni: tanzanaiti. Tsavoraiti hawajaisikia, au wameisikia Nairobi wakadhani ni ya Kenya peke yake. Ukweli ni kwamba ukisimama Mererani, wilayani Simanjiro, mawe haya mawili hutoka katika vilima vile vile. Mwanaapolo, yaani mchimbaji wa huko, aliyeshuka shimoni kutafuta bluu anaweza kukutana na kijani humo humo.

Yalivyopata majina

Mwaka 1967 ni wa mawe yote mawili. Upande wa bluu, nani alikuwa wa kwanza kuliona ni jambo lililobishaniwa kwa miaka mingi. Manuel d'Souza, fundi cherehani wa Arusha aliyekuwa pia akitafuta madini, ndiye aliyesajili machimbo ya mwanzo. Wapo wanaomtaja Mmaasai Ali Juuyawatu. Serikali ya Tanzania inamtambua Jumanne Ngoma, na Aprili 2018, Rais John Magufuli alipozindua ukuta wa kilomita 24.5 uliojengwa na jeshi kuzunguka machimbo ya Mererani, alitangaza kumpa mzee huyo shilingi milioni 100. Mzee Ngoma alifariki mwanzoni mwa mwaka 2019.

Kitaalamu jiwe lile ni zoisaiti ya bluu. Ni duka la Tiffany & Co. la New York lililoona kwamba jina hilo halitauza kitu, likalibatiza tanzanaiti na kuanza kulitangaza mwaka 1968.

Upande wa kijani, mjiolojia mzaliwa wa Scotland, Campbell Bridges, alikuta ganeti ya kijani, ambayo ndiyo tsavoraiti, huko Lemshuku, kaskazini mashariki mwa Tanzania, mwaka 1967 huo huo. Mambo hayakumwendea vizuri upande wa vibali, akaufuata mwamba kuvuka mpaka, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 akaipata tena Taita, jirani na mbuga ya Tsavo. Inasimuliwa kwamba mwanzoni aliishi juu ya mti kwa kuhofia wanyama, na kwamba alimweka chatu alinde mawe yake yasiibwe. Tiffany wale wale ndio waliolitangaza jiwe hili mwaka 1974, kwa jina lililotokana na Tsavo. Bridges aliuawa karibu na Voi mwezi Agosti 2009 katika mgogoro wa machimbo, akiwa na umri wa miaka 71.

Historia hii ina kazi dukani. Umaarufu wa tanzanaiti haukutokana na ubora peke yake. Umetokana pia na matangazo, na jina la nchi, na kuingizwa mwaka 2002 katika orodha ya Wamarekani ya mawe ya mwezi wa kuzaliwa, upande wa Desemba. Tsavoraiti haikupata bahati hiyo. Ganeti zote zimewekwa Januari, na mtu akisikia ganeti hufikiria nyekundu. Kwa hiyo usichukulie kwamba jiwe linalojulikana zaidi ndilo gumu zaidi, wala adimu zaidi, wala linalokufaa zaidi.

Jambo moja hunifurahisha kila ninapolifikiria. Mawe yote mawili yana kalisi, aluminiamu na silika, yote yalipikika katika miamba yenye grafaiti, zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, wakati mabara yalipogongana na kuunda ukanda wa miamba unaopita Afrika Mashariki kuelekea Msumbiji. Na kinachoyatia rangi ni elementi ile ile, vanadiamu. Katika zoisaiti huleta bluu, katika ganeti huleta kijani, wakati mwingine ikisaidiwa na kromiamu.

Rangi

Tanzanaiti ni jiwe lenye rangi tatu. Ukigeuza kipande kibichi mbele ya mwanga, upande mmoja utaona bluu, mwingine zambarau, na wa tatu kahawia au rangi ya shaba. Hiyo kahawia ndiyo sababu mawe karibu yote huchomwa. Hutiwa tanuruni kwenye joto la nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi, kahawia inatoweka, bluu na zambarau zinabaki, na hazirudi nyuma tena. Kuchoma huku si udanganyifu, dunia nzima ya vito inakubali, na maabara mara nyingi haiwezi hata kutofautisha jiwe lililochomwa na mtu na lililochomwa na ardhi. Ukikutana na muuzaji anayeapa kwamba tanzanaiti yake haikuchomwa na kwa hiyo aongeze bei, mtake cheti cha maabara, na hata hicho kisome kwa makini.

Kisha mkataji ana uamuzi wake. Akilielekeza jiwe ili bluu safi itazame juu, mara nyingi anapoteza uzito mwingi. Akielekeza zambarau, anabaki na jiwe kubwa. Ndiyo maana bluu iliyokolea hugharimu zaidi kwa karati kuliko zambarau ya ukubwa ule ule. Binafsi naona zambarau imeonewa. Kuna mawe ya zambarau yenye uhai kuliko bluu nyingi nilizoziona, na kwa bei yake unapata jiwe kubwa zaidi.

Jambo ambalo wauzaji hulitaja kwa nadra ni hili: tanzanaiti ndogo hupauka. Bluu ile nzito ya kwenye picha hukaa katika mawe makubwa, kuanzia karati tano hivi kwenda juu. Kwenye jiwe la chini ya karati moja mara nyingi utapata rangi nyepesi, nzuri, lakini siyo ile uliyoiona kwenye tangazo. Mtu aliyetumiwa picha ya jiwe la karati nane akaagiza la nusu karati, akategemea rangi ile, atalia.

Na mwanga pia unalibadilisha. Mchana chini ya anga litaonyesha bluu. Chini ya taa ya manjano ya ukumbini litaegemea zambarau. Wengine hupenda hivyo, wanaona wana mawe mawili kwa bei ya moja. Wengine huudhika. Jua wewe ni yupi kabla hujalipa, na usinunue bila kulitoa jiwe nje ya duka, kwa sababu taa za kwenye kabati la vito hazikuwekwa pale kwa ajili yako.

Tsavoraiti haina mambo mengi. Ina rangi moja kutoka pande zote, na kijani chake hubaki kijani mchana na usiku. Tofauti ziko katika ukolezi. Yapo mawe mepesi yenye kijani cha mnanaa, ambayo Mererani imeyatoa kwa wingi, yapo ya kijani kilichoshiba, na yapo yaliyozidi mpaka yanaonekana meusi yakishavaliwa. Hayo ya mwisho yaache hata kama muuzaji anayaita ya daraja la juu. Faida kubwa ya tsavoraiti ni kwamba jiwe dogo, la milimita tatu tu, huweza kubeba kijani kizito na kung'aa. Kwa kawaida halichomwi wala halipakwi kitu. Lilivyotoka shimoni, likakatwa, ndivyo lilivyo.

Hapo ndipo linapoishinda hata zumaridi. Zumaridi nyingi zina nyufa za ndani, na hutiwa mafuta ili nyufa zisionekane. Mafuta yale hukauka. Tsavoraiti huwa safi zaidi na hupinda mwanga kwa nguvu zaidi, kwa hiyo humeta zaidi. Mtu aliyekulia Pwani akitaja kijani cha thamani hutaja zumaridi, na siwezi kumlaumu, jina hilo limo katika tenzi. Lakini kwa fedha ile ile, macho yangu yatachagua ganeti.

Takwimu chache

| | Tanzanaiti | Tsavoraiti |
|---|---|---|
| Familia | Zoisaiti | Ganeti |
| Ugumu, kipimo cha Mohs | 6 hadi 7 | 7 hadi 7.5 |
| Kupasuka upande mmoja kwa urahisi | Ndiyo | Hapana |
| Jinsi linavyopinda mwanga | 1.69 hadi 1.70 | Karibu 1.74 |
| Uzito likilinganishwa na maji | Karibu 3.35 | Karibu 3.6 |
| Kuchomwa | Karibu yote | Kwa kawaida hapana |
| Linakotoka | Mererani pekee | Tanzania, Kenya, Madagaska |

Mstari wa uzito huwapita wengi. Tsavoraiti ni nzito zaidi kwa ujazo, kwa hiyo ya karati moja huonekana ndogo kidogo kuliko tanzanaiti ya karati moja. Ukilinganisha mawe mawili, pima milimita za uso wake, usitazame karati tu. Na ukumbuke kwamba karati ya jiwe ni uzito, sehemu ya tano ya gramu. Karati ya dhahabu, ile ya 18 au 22, ni usafi. Wapo wanaochanganya hesabu hizo kwenye risiti, wengine kwa makusudi.

Uimara, ambapo shauri linakatwa

Watu husikia ugumu wa 6.5 na wa 7.5 wakaona ni tofauti ya alama moja tu. Kipimo cha Mohs hakiendi hivyo. Kinasema tu jiwe gani litakwaruza lipi, na swali la maana ni nani yuko katikati yao. Katikati yao yuko kwatzi, mwenye ugumu wa 7, ambaye ndiye mchanga, na ndiye sehemu kubwa ya vumbi la barabarani. Vumbi la Dodoma, la Voi, la Simanjiro lenyewe, limejaa chembe zake. Ukiifuta tanzanaiti iliyoingia vumbi kwa pindo la kanga, bila maji, unaisugua kwa kitu kigumu kuliko yenyewe. Hutaona kitu siku hiyo. Baada ya miaka, kingo za pale ilipokatwa zitakuwa zimelegea, na uso utaonekana umechoka. Tsavoraiti iko sawa na vumbi hilo au juu yake kidogo, kwa hiyo inastahimili zaidi.

Mikwaruzo hata hivyo hurekebishika. Mkataji anaweza kuling'arisha jiwe upya, likapoteza uzito kidogo. Hatari yenyewe ni kupasuka. Tanzanaiti ina upande mmoja ambao chembe zake zimeshikana kwa unyonge, na pigo likitua vibaya hupasuka kwa kunyooka, kama kuni inavyofuata nyuzi zake. Halihitaji nyundo. Mlango wa gari, ukingo wa sinki, kinu. Ganeti haina upande wa namna hiyo. Inaweza kuvunjika, hakuna jiwe lisilovunjika, lakini haina njia iliyokwisha kuchorwa ndani yake ikingojea pigo.

Sasa utazame mkono utakaoivaa. Kama ni mkono unaokuna nazi, unaosukuma chapati, unaosugua sufuria kwa stilwaya, unaoshika spana, unaofungua boneti, unaobeba mtoto na ndoo, tanzanaiti juu ya kidole hicho ni kujitafutia huzuni. Namaanisha pete ya ndoa au ya uchumba, ambayo mila inataka ibaki kidoleni usiku na mchana. Hereni hazigongi kitu. Kidani hulala kifuani kwa utulivu. Huko tanzanaiti itakaa miongo bila shida, na huko ndiko rangi yake kubwa inakoonekana vizuri.

Ningegeuza jibu langu kwa mtu wa tabia fulani tu: yule anayevua pete kila anapoingia jikoni au karakana na anajua alipoiweka. Huyo avae tanzanaiti, ila amwambie sonara azungushie jiwe lote ukingo wa dhahabu, asiliache limesimama juu limeshikwa na vikucha vinne. Ukingo huficha sehemu ya mwanga, ni kweli. Lakini pigo hutua kwenye dhahabu kwanza.

Na kama moyo unataka pete ya bluu ya kila siku, tafuta yakuti samawi. Ina ugumu wa 9 na haina tabia ya kupasuka namna hiyo. Tanzania inayo, Umba na Tunduru. Haitakuwa na zambarau ile inayocheza, lakini itamzika mvaaji wake. Anayetaka waridi au nyekundu, spineli ya Mahenge ina ugumu wa 8, na mimi naona ndiyo siri bora zaidi iliyobaki katika vito vya nchi hii. Ila hiyo inastahili makala yake.

Ukubwa na bei

Bei za shilingi sitazitaja, zinabadilika na daraja la rangi, usafi na mkato, na nikizitaja leo zitakudanganya kesho. Mwendo wake ndio wa kuujua.

Tanzanaiti hutoka kubwa. Juni 2020, mchimbaji mdogo Saniniu Laizer aliiuzia serikali mawe mawili ghafi, la kilo 9.27 na la kilo 5.1, kwa shilingi bilioni 7.74, na Agosti ya mwaka huo huo akaleta la tatu la kilo 6.3 hivi, akalipwa bilioni 4.8. Hayo ni ya ajabu, lakini hata katika mawe ya kawaida mtu anaweza kupata tanzanaiti safi ya karati tano au kumi bila kusubiri miaka. Ndiyo maana bei ya kila karati hupanda taratibu kadiri jiwe linavyokua.

Tsavoraiti ni kinyume. Hutoka katika vinundu vya mwambani ambavyo mara nyingi vimejaa nyufa, na kinachobaki baada ya kukata ni kidogo. Jiwe safi la zaidi ya karati mbili tayari ni adimu, la zaidi ya tano huwafanya wafanyabiashara wapigiane simu. Bei ya kila karati kwa hiyo haipandi polepole, huruka kwa ngazi. Kubwa zinatokea, na Mererani ndiko zinakotokea: tsavoraiti inayoitwa Simba wa Mererani, iliyokatwa ikawa na karati 116.76, iko katika makumbusho ya Smithsonian huko Washington. Lakini usiende sokoni ukiwa na hiyo akilini.

Ukiweka hayo pamoja, anayetaka jiwe linaloonekana kutoka upande wa pili wa ukumbi atapata thamani zaidi kwa tanzanaiti. Anayetaka jiwe dogo lenye rangi iliyoshiba, au mawe madogo matano yaliyopangwa mstari kwenye pete, tsavoraiti itamfaa, na huenda ikamgharimu kidogo kuliko alivyohofia.

Utasikia pia maneno ya uwekezaji. Tanzanaiti inapatikana sehemu moja tu duniani, ukanda wa kilomita 7 hivi kwa 2, hiyo ni kweli kabisa. Kutoka hapo muuzaji ataruka hadi "itaisha karibuni, nunua sasa, utauza mara tatu." Maneno hayo yameuza mawe kwa muda mrefu. Mtu wa kawaida anayenunua kwa bei ya duka na kuuza kwa broka atapoteza, jiwe liwe la bluu au la kijani. Nunua cha kuvaa.

Kujua la kweli

Hapa tanzanaiti ina faida, kwa sababu jiwe lenyewe ni shahidi. Ligeuze polepole mbele ya mwanga mweupe. Lazima rangi ihame kutoka bluu kwenda zambarau kulingana na upande. Kioo cha bluu hakihami, kitabaki bluu kila upande. Wenye kifaa kidogo cha kuonyesha rangi mbili kwa wakati mmoja huliona jambo hili kwa sekunde. Kuna bandia janja zaidi, ya forsteriti iliyotengenezwa maabara, ambayo nayo hubadilika rangi kidogo. Ukiitazama kwa lenzi, kingo za nyuma ya jiwe huonekana mbili mbili waziwazi kuliko katika tanzanaiti. Kuna pia tanzanaiti za kweli lakini zilizopauka, zikapakwa utando mwembamba wa bluu. Tafuta kwenye kingo, utando hukwanguka huko kwanza na kuacha mistari iliyofifia.

Tsavoraiti ni ngumu kidogo kwa jicho, maana rangi yake moja inafanana na ya kioo kizuri cha kijani. Kioo huwa na viputo vya mviringo ndani, na kingo zake hulegea mapema. Tomalini ya kijani, ambayo ni jiwe halali lakini la bei tofauti, huonyesha rangi mbili ukiigeuza, tsavoraiti haionyeshi. Kwa jiwe la fedha nyingi usitegemee jicho lako wala langu. Kituo cha Jemolojia Tanzania kipo Arusha, na maabara za vito zipo Nairobi pia.

Tangu mwaka 2019 Tanzania ina masoko rasmi ya madini, na mfanyabiashara mwenye leseni hana sababu ya kukukatalia risiti. Anayesafiri nje na jiwe aulize vibali vya kusafirisha kabla ya kulipa, asingojee kuulizwa yeye uwanja wa ndege. Na yule kijana mwenye kikaratasi kilichokunjwa, anayekufuata mtaani Arusha akinong'ona kwamba mama yake mgonjwa, mpe pole uendelee na safari yako.

Visa na imani

Kisa kinachosimuliwa kila duka ni kwamba radi ilipiga vilima vya Mererani, nyasi zikaungua, na wachungaji wa Kimaasai waliporudi wakakuta mawe ya kahawia yamegeuka bluu. Kinapendeza, na hakiko mbali na fizikia, kwa sababu joto ndilo linalogeuza rangi. Ila moto wa nyasi ni wa kupita, na mawe ya bluu yamepatikana chini sana ambako hakuna nyasi. Ardhi yenyewe iliyachoma. Kuhusu nguvu za kutuliza roho na kufungua akili zinazoandikwa kwenye vikadi vya duka, jiwe lililojulikana mwaka 1967 halijapata muda wa kuwa na mila za kale.

Tsavoraiti imekopa ya ndugu zake. Ganeti nyekundu ilivaliwa na wasafiri wa zamani wakiamini inalinda njiani, na wauzaji wameihamishia ile ya kijani imani hiyo kimya kimya.

Ukitaka mila ya kweli ya pete katika lugha yetu, mawe yake ni mengine: akiki katika pete ya fedha ya wanaume wa Unguja na Omani, feruzi, pamoja na yakuti na marijani, hizi mbili zikiwa zimetajwa katika Sura ya Ar-Rahman. Hakuna ubaya mtu akiitia tsavoraiti katika pete ya fedha ya namna ile. Nimeona inapendeza kuliko katika dhahabu, kijani hutulia zaidi.

Kutunza

Kwa mawe yote mawili: maji ya vuguvugu, sabuni laini ya maji, mswaki laini wa mtoto, suuza, kausha kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Suuza vumbi kabla ya kusugua, kila mara. Marashi, losheni na dawa ya nywele zitangulie, vito vivaliwe mwisho. Usiyatupe pamoja katika kisanduku kimoja, kwa kuwa tsavoraiti itaikwaruza tanzanaiti, na almasi itayakwaruza yote.

Mashine za kusafishia kwa mtikisiko, zile ambazo masonara wengi sasa wanazo, tanzanaiti isiingie kamwe. Mvuke pia hapana. Tsavoraiti safi isiyo na nyufa inaweza kuvumilia mtikisiko, lakini kwa kuwa nyingi zina ufa mdogo usiouona, sioni faida ya kubahatisha wakati maji ya sabuni yapo. Badiliko la ghafla la joto ni adui wa tanzanaiti kuliko joto lenyewe, kwa hiyo pete isitoke kwenye mvuke wa chungu ikaingia moja kwa moja kwenye maji ya friji.

Hatari kubwa kuliko zote iko kwenye meza ya sonara, siku utakayopeleka pete ipanuliwe. Moto wa kuunganishia dhahabu ukilifikia jiwe la bluu unaweza kulipasua, na tindikali ya kusafishia chuma baada ya moto huula uso wake. Jiwe litolewe kwanza, kazi ifanyike, kisha lirudishwe. Mwambie hivyo kabla hajawasha moto, na umwambie ni jiwe gani, kwa sababu kwa haraka wengine huidhani yakuti samawi, ambayo huvumilia zaidi. Akikujibu kwamba hakuna haja, amezoea, chukua pete yako utafute sonara mwingine.